Muhuri wa Mzee Muhuri

Idara nzima ilimwita Mzee Muhuri, naye hakuchukia. Kwa miaka ishirini na sita alikaa masjala akipokea barua, akizigonga IMEPOKELEWA na tarehe ya siku, kisha akizitia kwenye kisanduku cha mhusika. Hakuzisoma. "Barua ya mtu ni chungu cha jirani," alizoea kusema. "Usifunue."

Wenzake walipomchagua kuingia kamati ya wafanyakazi inayoishauri bima ya afya ya watumishi wa umma, walimtania: "Sasa utatugongea hadi homa zetu!" Alicheka nao. Lakini moyoni alikuwa na sababu moja tu. Mkewe figo zilikuwa zimekufa, na bima ndiyo iliyomlipia kusafishwa damu mara tatu kwa wiki.

Siku ya kikao, afisa wa bima alifungua faili taratibu, akatangaza kwamba kuanzia mwezi ujao watalipia kusafishwa damu mara mbili tu kwa wiki.

Mzee Muhuri alisimama hata kabla ya kuruhusiwa. "Mbili? Mama watoto akikosa moja tu anavimba miguu, pumzi zinamkatika! Kamati tunapinga!"

"Mlikuwa na siku thelathini za kupinga, mzee wangu. Zilikwisha juzi. Barua tuliwaletea."

"Barua ipi? Mlimpa nani?"

Afisa akamsogezea nakala. Pembeni, kwa wino wa zambarau, ulikuwapo muhuri ulioinama kidogo upande wa kushoto, kama mkono wa Mzee Muhuri unavyouinamisha siku zote.

Mwenyekiti wa kamati akakohoa. "Ndugu yangu, mimi nilikuwa likizo. Kisanduku changu sijakigusa."



"Kupokea si kukubali," alisema Mzee Muhuri.

"Kwa kanuni zetu," afisa alijibu, "aliyenyamaza amekubali. Na hata hivyo, kamati inashauri tu. Haiamui."

Alirudi mezani kwake, akauangalia muhuri kama mtu anayemwangalia mbwa wake aliyemng'ata mtoto. Kisha akachukua karatasi, akaandika barua ya kurasa mbili kwa mkono: miguu ya mkewe, pumzi zake, jinsi anavyolala ameketi. Hakuagiza tarishi. Akaipeleka mwenyewe ofisi za bima.

Kwenye dirisha la masjala yao alikaa binti mmoja. Aliipokea bila kuinua macho. Tap! IMEPOKELEWA. Akaitupia kwenye trei iliyojaa.

"Binti yangu, tafadhali, isome."

"Baba, mimi kazi yangu kupokea. Kusoma kuna wenyewe."

Maneno hayo aliyajua. Yalikuwa yake.

Akaingiza mkono dirishani, akaitoa barua kwenye trei kabla binti hajamzuia. Akavaa miwani. Hapo hapo, foleni ikirefuka na kunung'unika nyuma yake, akaanza kumsomea kwa sauti, neno kwa neno, tangu mstari wa kwanza.