Sinema ya Mtoto wa Mwizi

Muuza chai ameponda kipande cha tangawizi, na hapa mjini, mbali kabisa na kwetu Mamba, pua yangu imenirudisha kwenye ghala la kijiji chetu cha ujamaa.

Siku hiyo gari la sinema lilikuja. Magunia ya tangawizi yakasogezwa ukutani, madirisha yakazibwa kwa mablanketi, shuka jeupe likatundikwa. Kwenye sinema, tajiri mmoja wa vituko aliokota kichanga cha mwizi, akakilea kwa maziwa, viatu na kinanda, ili amkomeshe jirani yake aliyedai damu haibadiliki. Siku ya karamu, mtoto akapiga kinanda kwa mkono mmoja. Wa pili ulikuwa mfukoni mwa askofu.

Ghala zima likaangua kicheko. "Mtoto wa nyoka ni nyoka!" akapaza sauti jirani yetu, akageuka kunitazama. Wengine nao wakageuka. Nani asiyejua kwamba aliyenizaa alikuwa kibarua wa mkonge kule bondeni, akaniacha mlangoni kwa mama aliyenilea na kwenda zake bila kuaga?

Mama hakucheka. Alimfuata mwenye sinema. "Baba, ni kweli hayo?"

"Mchezo tu, mama."

Hakuamini. Njiani alifunga pindo la khanga yake kwenye mkono wangu, kama mbuzi anayepelekwa mnadani, akakaza hadi vidole vikaingia ganzi.

"Na wewe utaondoka," alisema.

Nikamng'ang'ania kiunoni kwa mkono uliobaki, nikilia. "Siendi popote, mama. Haki ya Mungu, siendi."

Akaongeza fundo la pili.