Mume wa Mtu Katika Moto wa Yerusalemu

Saa moja na nusu asubuhi, fundi yuko juu ya jukwaa la mbao ndani ya kanisa, anamtia Nabii Ezekieli kucha. Brashi aliyoshika ni nyembamba kama kijiti cha kiberiti. Anavuta pumzi, anaibana, anachora ukucha mmoja, kisha anaiachia.

"Mkono ndio unaomuumbua mchoraji," anasema bila kugeuka. "Uso watu watakusamehe. Mkono ukikosea, nabii anaonekana kama ameshika karoti."

Wateja wake wanamwita Mama Herufi. Ana umri wa miaka hamsini na mitatu, na thelathini kati ya hiyo ameitumia kwenye ngazi, akiandika majina ya saluni, maduka ya dawa na gereji. Kazi alifundishwa na mjomba wake aliyekuwa akipamba mabodi ya malori. Mwezi mzuri hupata mabango manne. Mwezi mbaya hupata moja, na mwenye duka bado atataka apunguziwe kwa sababu jina lake ni fupi.

Mwaka jana mchungaji wa kanisa hili alimwita, akamwonyesha kuta tatu tupu. Alitaka manabii: Isaya kushoto, Ezekieli kulia, na nyuma ya madhabahu, kwenye ukuta mkubwa kuliko yote, Yeremia akiulilia mji mtakatifu unaoteketea. Malipo ya ukuta ule peke yake yalilingana na mabango kumi na mawili. Fundi alikubali kabla mchungaji hajamaliza kueleza, kisha akaenda nyumbani akaanza kuogopa.

Hofu yake ilikuwa moja: hajawahi kuchora kitu ambacho hajakiona. Kwa manabii alitafuta watu. Isaya ni muuza mkaa wa mtaani kwake, aliyeahidiwa soda ili akae kimya nusu saa, akashindwa. Yeremia alimchora kwa kukumbuka jinsi kaka yake alivyokaa kwenye kiti, mikono imening'inia, siku aliyomzika mkewe.

Mji ndio uliomtoa jasho.

"Mchungaji alinisomea habari zote, majeshi, hekalu, malango kuvunjwa," anasema. "Nikasikia, lakini sikuona kitu. Yerusalemu sijafika. Moto ndio ninaoujua."

Moto anaoujua ni wa soko la mitumba, uliotokea miaka sita kabla ya kazi hiyo. Siku ile alikuwa ng'ambo ya barabara, juu ya ngazi, akiandika bango la duka la vioo. Aliona moshi, halafu watu. Maiti kumi na nne hazikutambulika, zikazikwa kaburi moja. Kwenye jiwe la kaburi yaliandikwa majina tisa ya watu ambao jamaa zao walijua walikuwa sokoni asubuhi hiyo. Waliobaki waliandikiwa "na wengine".

Kwa hiyo alipoichora Yerusalemu, aliipa kuta za mawe na hekalu kama mchungaji alivyotaka, lakini moto aliupa rangi ya nguo zinazoungua, wenye ukijani pembezoni. Wakimbizi wote aliwavalisha kanzu, isipokuwa mmoja: mwanamume aliyembeba bibi kizee mgongoni, akitoka langoni. Kila alipojaribu kumvalisha kanzu, sura ilimpotea. Mwishowe akamwacha na shati lake la mistari lenye mfuko wa kitambaa cha maua. Mchungaji aliuliza shati hilo limetoka wapi, fundi akajitetea kwamba atalirekebisha. Mchungaji akacheka, akasema labda hata Yerusalemu walikuwako mafundi cherehani.

Jumapili ya kuuzindua ukuta wa Yeremia, kanisa lilijaa. Shuka likavutwa. Baadhi ya kina mama walianza kulia kwa ajili ya Yeremia. Mchungaji akaanza kueleza maana ya picha.

Hapo ndipo mwanamke mmoja aliyeketi benchi la tatu alipoinuka, akatembea katikati ya kanisa hadi mbele. Ni mshonaji nguo, mama wa watoto watatu, mtu mpole ambaye hata kwenye vikao vya wanawake huongea akiulizwa tu. Shemasi alimshika mkono amrudishe kitini. Akautoa mkono ule taratibu, akasogeza uso karibu na ukuta mpaka pua ikakaribia rangi.

"Huu mfuko nimeushona mimi," alisema.

Mwanamke akageuka na kuuliza nani amechora. Mama Herufi, aliyekuwa amekaa karibu na mlango wa nyuma kwa aibu ya kusifiwa, akasimama.

"Ulimwona wapi mume wangu?"

Fundi alimweleza, mbele ya kanisa zima, kwamba alimwona sokoni siku ya moto. Mtu yule alitoka na bibi kizee mgongoni, akamketisha chini ya ngazi yake, akainama kumsikiliza neno, kisha akageuka akaingia tena ndani.

"Akatoka?" mshonaji aliuliza.

"Sikumwona, dada. Nilidhani amepitia lango la pili."

Mshonaji alikaa sakafuni pale pale, chini ya picha, kama mzigo uliokatwa kamba. Binti yake mkubwa, mwenye miaka kumi na saba, alitoka kwenye safu za kwaya, akafika hadi kwa mama yake, akasimama tu. Wote wawili walikuwa wakitazama ukuta.

Kisa chao mtaa mzima ulikifahamu. Au ulidhani unakifahamu. Mume alikuwa muuza viatu vya kutembeza. Asubuhi ya siku ya moto aliaga kwamba anapanda basi kwenda mji wa jirani kufuata mzigo, atarudi baada ya siku tatu. Hakurudi. Jirani mmoja akaapa kwamba alimwona kituoni akipanda basi na mwanamke. Basi ikawa hivyo: katoroka. Na kwa kuwa alikuwa safarini, hakuna aliyekwenda kumtafuta kwenye majivu.

"Miaka sita nimemlaani," anasema mshonaji, akiwa kwenye chumba chake cha kazi, cherehani mbele yake, uzi mdomoni. "Mawifi zangu walikuja kuomba radhi kwa ajili ya kaka yao. Nikazipokea. Mtu ananiomba radhi kwa ajili ya marehemu, na mimi nazipokea."

Binti ndiye aliyeumia zaidi. Alipokuwa na miaka kumi na miwili alichukua mkasi wa mama yake, akaikata sura ya baba yake kwenye picha ya harusi, akaichoma. Nyingine hawakuwa nayo. Tangu Jumapili ile, sura pekee ya baba yao duniani ni ile iliyo ukutani, katikati ya moto wa Yerusalemu. Binti huja kanisani baada ya masomo, hukaa benchi la mbele. Mama Herufi anasema hajawahi kumsemesha, na hajui angeanzia wapi.

Wiki mbili baadaye mchungaji, fundi na mshonaji walimpata bibi kizee. Yuko hai, anaishi kwa mwanawe, masikio yamekuwa mazito. Zamani alikuwa akishona mabegi sokoni. Alikumbuka kwamba kijana yule alisimama kwake dakika chache tu, zipu ya begi la safari ilikuwa imeharibika.

Walimuuliza alimwambia nini pale chini ya ngazi.

"Aliniuliza kama kuna mtu amebaki ndani. Nikamwambia yupo mwenzangu." Akafuta macho kwa kiganja. "Kumbe mwenzangu alishatoka. Mimi sikujua, mwanangu."

Mshonaji anasimulia kwamba alitoka nje hadi kibarazani, kisha akarudi ndani na kumshika bibi mikono. Anasema alitafuta hasira moyoni akaikosa.

Mama Herufi yeye hasira anayo, na ni juu yake mwenyewe.

"Nilikuwa na mume wa mtu kichwani mwangu miaka sita," anasema. "Kila nikiulizwa habari za moto nilijibu nilikuwa juu ya ngazi, basi. Watoto wanakua wakimchukia baba yao, na mimi naandika 'karibu wateja'."

Sasa ofisi ya mji imepokea barua yao, yenye sahihi ya mchungaji na ya fundi, na alama ya dole gumba la bibi. Wanaomba jina moja liongezwe kwenye jiwe la kaburi. Afisa alisema itachukua miezi, na kwamba ofisi haina fundi wa kuandika.

Mama Herufi alimjibu kwamba fundi yupo, na hatataka malipo. Amekwishakwenda makaburini na futi kamba. Jina lina herufi kumi na tisa, na chini ya majina tisa ya mwanzo, juu ya maneno "na wengine", nafasi inatosha.