Mama Mkwe Ameweka Nadhiri kwa Jini Niliyemchora Mimi

Admin, jina langu liweke kapuni, na hata kijiji usikitaje, maana huku Mafia tunajuana mpaka kwa ndala zilizo mlangoni.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tatu, mtu wa Singida. Nililetwa huku na kazi ya ualimu, nafundisha historia, nikaolewa hukuhuku. Nina mimba ya miezi saba na nimechoka, jamani. Miguu imechoka, mgongo umechoka, lakini kinachonimaliza zaidi ni jini. Tena jini mwenyewe nimemtunga mimi.

Nina ugonjwa wa kuchora. Miaka kadhaa sasa nina katuni yangu mtandaoni, natumia jina la uongo, hata mume wangu hajui. Inamhusu Bi Shani, malkia wa majini aliyebaki peke yake kwenye magofu ya Kua, kule kisiwani Juani. Wala si jini wa kutisha. Kasri lake halina paa, popo wanamchafulia sebule, watalii wanampiga picha hajajifunga hata kitambaa, na watu wa hifadhi wanamdai kibali cha kuogelea kwenye maji aliyoyakuta kabla babu zao hawajazaliwa. Akikasirika anavuka kuja mjini Kilindoni, anaingia majikoni mwa watu, anafunua vyungu na kuuliza, "Hii chumvi mmeiogopa au mmeisahau?"

Sasa mtu wa Singida maneno ya malkia wa pwani nitayatoa wapi? Kwa mama mkwe. Mimi nilipofika hapa maji yalikuwa maji tu. Yeye ana maji ya bamvua yakijaa sana, ana maji mafu yakikosa nguvu, na ana namna ya kukusema mpaka unashukuru. Kila alichosema nikampa Bi Shani. Kidogo kidogo nikampa na kidoti chake cha shavuni, na ule mkono wa kiunoni, na tabia yake ya kufunua vyungu vyangu. Nilikuwa natania tu. Mama mkwe hajibiwi usoni, basi mimi nilikuwa namjibu kwa kuchora.

Kwenye ndoa nimekaa muda mrefu bila mtoto. Mimba mbili zilitoka. Mama mkwe hakunisema hata siku moja, na hilo sitalisahau. Kumbe kuna mtu alizisoma katuni zangu kwa sauti, akazirusha kwenye magrupu ya WhatsApp bila picha, ati ni historia ya Kua iliyofichwa. Mama mkwe akazisikia kwenye simu ya wifi yangu, akaamini palepale. Kilichomfanya aamini ni yale maneno. "Bibi yangu mzaa mama alikuwa akisema hivihivi," aliniambia baadaye. "Mtu wa bara hawezi kuyatunga haya."

Akavuka Juani na chupa ya marashi, akaweka nadhiri magofuni: mkaza mwanangu akishika mimba ikatulia, nitamleta aje kushukuru kwa miguu yake mwenyewe. Watu kupeleka marashi na ubani Kua ni jambo la tangu zamani, hakuna aliyemshangaa. Mimba ikashika, na safari hii ikatulia.

Ijumaa hii ndiyo tunatakiwa kuvuka. Ubani umenunuliwa, halua imeagizwa. Nesi wa kliniki amenipima presha, akanikataza kabisa boti na kutembea kwenye mawe. Nimemwambia mume wangu, akasema, "Si kuvuka tu hapo, mama afurahi." Huyo ndiye msaada wangu.

Nikajaribu mwenyewe. Nilimkuta mama mkwe anakuna nazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Nimekula. Mama, huyu Bi Shani, kuna watu wanasema ni hadithi ya kutungwa."

Mkono ukasimama. "Watu gani? Hilo tumbo wamekupa wao?" Kisha machozi yakamtoka. "Zile mbili zilipotoka wewe ulikuwa unalia chumbani, mimi nalia jikoni. Usimkane aliyetusikia."

Nikaja na akili nyingine. Nikatunga sehemu mpya, Bi Shani anatangaza kwamba mjamzito asivuke kumfuata, shukrani yake ameshaipokea hukohuko aliko. Nikamwomba mwalimu mwenzangu anayeijua siri yangu aisome kwa sauti, tukairusha kwenye magrupu, ikamfikia. Mama mkwe akasikiliza mpaka mwisho, akamrudishia wifi simu.

"Hii ya uongo," akasema. "Huyu siye. Bi Shani namjua mimi, hasamehi kirahisi namna hii."

Jamani, nimemchora mimi!

Najua mtaniandikia nisiende. Sawa. Nisipokwenda, mtoto huyu akipata hata mafua itakuwa Bi Shani anadai chake, na mama mkwe ndiye atakayekosa usingizi. Nikisema ukweli, hataamini mpaka nimwonyeshe picha. Na akiziona picha atajiona mwenyewe, kafunua chungu, maelfu ya watu wanamcheka. Ndiye anayenipikia uji kila asubuhi. Ndiye anayenikanda miguu ikivimba, mume wangu akiwa anaangalia mpira.

Na kuna jingine, hili naona aibu hata kuliandika. Jana mtoto alikaa kimya tumboni tangu asubuhi. Nikajilaza ubavu, nikanywa maji ya baridi, wapi. Mimi mwalimu wa historia, niliyempa yule jini hata jina, nikajikuta nasema kimoyomoyo, "Bi Shani, nakuomba, mwamshe." Akacheza.

Nishaurini bila matusi, ndugu zangu. Ijumaa ni keshokutwa, na sijui tena nani wa kumwambia kwamba Bi Shani hayupo.