Mistari Miwili Niliyoificha

Nilikuwa mwandishi wa kamati ya walimu katika shule moja ya msingi hapa Baraka, na maandishi yote ya kamati niliyaweka kwenye simu yangu. Humo humo niliandika na ya kwangu: maombi, dawa za mama, na sehemu moja ndefu yenye kichwa "Hasira", ambamo directeur wetu, mkuu wa shule, alitajwa karibu kila juma. Alikuwa mtu mkavu. Miaka tisa nilifundisha chini yake, na sikuwahi kumsikia akisema asante.

Alipokaribia kustaafu, kamati iliniagiza niandike hotuba ya kumuaga. Siku nne nilikaa na karatasi tupu. Kumhusu directeur, kwenye simu nilikuwa na mistari mitatu tu: alizaliwa Makobola, alianzia darasa la pili, hajawahi kuchelewa kazini.

Nikampigia mdogo wangu wa kike, anayetengeneza kompyuta Uvira. Akanielekeza niweke kwenye simu programu inayowaruhusu wasaidizi wa akili mnemba kusoma vipande vya maandishi ya mtu. Si daftari zima, alinieleza. Msaidizi anaomba kipande, na ni wewe unayeamua aone mistari ipi. Nilimuuliza mara tatu kama kweli "Hasira" haitaonekana. Akasema haitaonekana. Aliniusia jambo moja tu: nisimwonyeshe namba za simu za watu.

Basi nikamwagiza msaidizi aandike hotuba, nikamfungulia sehemu mbili. Ya kwanza ni ile ya directeur, yenye mistari yake mitatu. Ya pili ilihusu maandalizi ya karamu ya kumuaga, ya Jumamosi, lakini niliifungua kuanzia mstari wa tatu, kwa sababu miwili ya juu ilikuwa na namba ya mfugaji wa Bibokoboko, huko milimani, aliyekubali kutuletea ng'ombe dume. Yote aliyonieleza juu ya mnyama wake nilikuwa nimeyaandika jinsi alivyoyasema. Neno "ng'ombe" lilikuwa huko juu, karibu na namba. Kuanzia mstari wa tatu kulikuwa na "yeye" tu, na Kiswahili chetu hakimtenganishi ng'ombe na mkuu wa shule: kwa wote wawili tunasema "anakuja, anakula, analala".

Msaidizi aliandika ukurasa mzima kabla sijamaliza kumenya kitunguu. Nikasoma nusu ya kwanza, nikaiona nzuri kuliko chochote ambacho ningeandika mimi, nikautuma kwenye secrétariat, kibanda cha uchapaji cha sokoni, ili uchapwe. Kisha betri ikaisha.

Ijumaa mchana wazazi walijaa uwanjani. Mwalimu mwenzangu wa darasa la sita, mwenye sauti ya kwaya, ndiye aliyesoma. Mfugaji alikuwa amekwisha fika na kumfunga mnyama wake nyuma ya madarasa, nasi tukampa kiti pembeni yangu.

Hotuba ilianza vizuri: Makobola, darasa la pili, kutochelewa. Halafu ikasema directeur ni mtulivu, wala hajawahi kumpiga mtoto teke. Shingo yake ni nene kwa sababu amebeba mengi. Jicho lake la kushoto hutoa machozi asubuhi. Mama yake alikufa siku ya mvua, na tangu siku hiyo hapendi kutembea peke yake. Ukimwita kwa ukali anasimama palepale. Ukimwita polepole anakuja mwenyewe.

Wazazi walitikisa vichwa kukubali. Mama mmoja alifuta machozi kwa ncha ya kitenge. Mfugaji akaniinamia sikioni.

"Mwalimu, ile maneno ni yangu. Njo ile nilikuambiaka juu ya ng'ombe."

Nilisimama nimkatize msomaji, nikachelewa. Alikuwa amefika mwisho: "Na kesho saa moja asubuhi, nyuma ya darasa la sita, tutamchinja kwa heshima zote anazostahili." Akautazama mstari ule, akadhani amekosea. Akausoma tena, kwa sauti kubwa zaidi. Waliokuwa nyuma walikwisha anza kupiga makofi.

Directeur alisimama, akauliza nani ameandika. Nikainua mkono kama mwanafunzi, nikaeleza kila kitu: programu, vipande, mistari miwili niliyoificha. Sikuitaja "Hasira". Alinisikiliza hadi mwisho, uso wake haukubadilika.

"Mama yangu alikufa siku ya mvua," akasema. "Nani alikuambia?"

Nikajibu kwamba hakuna. Ndipo mfugaji aliposimama, kofia mkononi, akaomba msamaha, akasema huyo alikuwa mama wa ng'ombe.

Directeur akaomba amwone. Sote tukamfuata nyuma ya madarasa, wazazi, walimu na kwaya. Alisimama mbele ya yule mnyama, akamwita polepole. Ng'ombe akaja, akaweka pua kwenye koti lake jipya.

"Huyu, musimuchinje," akasema.

Kwa hiyo Jumamosi tulikula foufou na ndagaa badala ya nyama. Wazazi walinung'unika hadi jioni, nami niliyeandika hotuba ndimi niliyelaumiwa. Ng'ombe alibaki kwa directeur. Sasa anakula matembele ya majirani, na mara kwa mara yule mfugaji anashuka kutoka milimani kuja kumwangalia kwato. Mara ya mwisho nilipopita niliwakuta barazani wakibishana kama chumvi anayopewa inatosha. Niliwasalimia mara mbili, hawakunisikia.