Macho ya Mdogo Wangu Fundi

Mdogo wangu alianza kuitwa Fundi kabla hajaolewa, na hata mimi dada yake nikamwita hivyo hivyo. Ukipita mbele yake mara moja tu, hana haja ya kukupima. Gauni atakalokukatia litakukaa kama ulizaliwa nalo. Mimi niliyemtangulia kuzaliwa sijawahi kushona kifungo kikadumu wiki.

Mwanawe alipomleta huku ughaibuni tunakoishi sasa, mtoto wa jicho alikuwa amekwisha kumtanda macho yote mawili. Kijana akamnunulia cherehani mpya, naye akawa anaipapasa tu kama paka wa nyumbani. Daktari wa kulipia alikuwa ghali, hakushikika. Lililobaki ni kadi ya matibabu ya serikali, na mzazi aliyemfuata mwanawe huku haipati mpaka ahojiwe.

Tulikwenda watatu: Fundi, mwanawe wa kutafsiri, na mimi niliyekwisha kupita njia hiyo. Fundi alivaa utadhani anakwenda kuoza binti. Ofisa alikuwa mwanamke wa makamo, miwani ameipandisha kichwani.

"Afya yako ikoje, mama?"

"Sijambo, namshukuru Mungu."

"Na macho?"

"Hayajambo. Wewe je, watoto wako wazima?"

Kijana akatafsiri yote kama yalivyo. Nilimkanyaga chini ya meza, akasogeza mguu. Ofisa akasema kama ni mzima hana haja ya kadi, akiugua arudi.

Tulipofika kwenye korido nikamshika Fundi mkono.

"Mbona hukusema huoni?"

"Dada, mtu ndiyo kwanza ananijulia hali, nianze kumlilia?"

"Hakuwa anakujulia hali. Alikuwa kazini."

"Basi angesema."

Nikamgeukia kijana. "Na wewe umekaa kimya kama gogo."

"Mama mkubwa, nimkanushe mama yangu mbele ya mgeni?"

Nilijua kumbembeleza ni kupoteza muda. Kwa adabu zake Fundi angekufa anatabasamu. Lakini kwenye ushonaji hajui kudanganya, na mimi nilikuwa nimeona kitu. Nikawarudisha ndani, nikamwambia kijana amweleze ofisa kwamba pindo la mkono wa koti lake limefumuka, na dada mtu hapa ameleta fundi.

Ofisa akacheka, akavua koti. Fundi alipolishika tu, uso ukabadilika. Akapitisha kidole kwenye pindo, akaguna.

"Aliyeshona hapa alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Akatoa sindano na uzi kwenye mkoba. Akalamba uzi, akalenga, ukapita pembeni. Akasogea dirishani, akalenga tena. Mwisho akamnyooshea mwanawe sindano.

"Nitungie. Silioni tundu."

Kijana akatafsiri na hilo. Ofisa akashusha miwani machoni.

"Muulize, tangu lini?"

"Tangu mjukuu wangu hajazaliwa," Fundi akajibu, anavuta uzi. "Huyo namjua kwa kumpapasa. Wanasema amenifanana, lakini watu husema mengi."

Ofisa alituelewesha taratibu, hakuficha. Posho ya wazee asiitegemee kwa sasa, kwa sababu mwanawe aliweka sahihi kwamba atamlisha na kumvisha. Matibabu ni jambo jingine, ameshakubaliwa kuwa mkazi. Ila ugonjwa usiposemwa, ofisi haina pa kuanzia.

"Angenieleza mapema," Fundi akaninong'oneza, "ningesema."

Kadi ikatoka, na jicho la kwanza likasafishwa kabla baridi haijaingia. Siku ya kufunguliwa bandeji mjukuu alikuwa mapajani mwangu. Fundi akamwangalia kwa muda mrefu, pua, masikio, mpaka mtoto akaanza kuona haya.

"Ni kweli," akasema. "Maskini, amechukua paji langu lote."

Akacheka hadi machozi, na muuguzi akamkataza kuyafuta. Kisha akainua uso akanitazama mimi, juu mpaka chini, nikajiweka sawa nikisubiri neno la udugu.

"Dada, gauni hilo ulinunua dukani? Bega moja limepanda. Vua nilitazame."