Rungu na Ruhusa ya Mjomba

Ijumaa baada ya sala, kijana mmoja wa Kiluguru alitukuta kwenye benchi la muuza kahawa, akaanza habari ya matuta ambayo serikali, kupitia bwana shamba wake, inatulazimisha kuchimba milimani.

"Kwa maoni yangu," alisema, ngumi juu, "dhuluma ikizidi, kupiga ni halali. Kesho namngoja bwana shamba kwa rungu."

Mzee aliyekaa kando yangu akapuliza kahawa yake. "Mjomba wako amekuruhusu?"

Ngumi ikashuka polepole. Kwetu shamba ni la ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli.

"Hajui," alisema. "Yeye mwenyewe amegoma kuchimba, lakini akisikia nimeshika rungu, atanifukuza shambani."

Serikali yenye bunduki kijana haiogopi; anamwogopa mjomba. Na bwana shamba hajui kwamba mlinzi wake ni mjomba huyo huyo aliyegoma kuchimba matuta.