Nusu ya Nicanor

Mzee Abelino Rojas alifyeka mkuza wa mpaka, ile njia nyembamba kati ya shamba lake na la jirani, hadi kwenye jiwe la katikati, akafuta panga, akarudi nyumbani. Miaka thelathini alifanya hivyo. Kwenye vilima vya San Carlos, Kosta Rika, mpaka ni wa watu wawili: huyu huanzia mtoni, jirani huanzia barabarani, kisha hukutana jiweni na kufungua majani ya migomba yenye wali na maharage. Kugusa nusu ya mwenzio ni kukitangazia kijiji kizima kwamba hana nguvu tena, au amekufa.

Nicanor, jirani yake, hakuwa amekufa. Alikuwa mjini Heredia kwa binti yake, mwaka wa pili sasa.

Jumatatu alikuja Yamileth, mkaguzi wa misitu. Mkataba wa Abelino wa kutunza msitu ulikuwa unakwisha. Usipoandikwa upya, malipo ya kila mwaka ya kuuacha msitu usimame yangekatika, na Abelino hakuwa na kingine. Ng'ombe aliwauza zamani, alipotia saini ya kwanza. Tangu hapo hapakuwa na ndama wa kutafutwa wala misumari ya kuazimana, na watu wakaacha kupita.

"Mbona huku pori tupu?" Yamileth aliuliza walipofika jiweni.

"Hiyo ya Nicanor."

"Mzee wangu, karatasi yangu haimjui Nicanor. Inataka mpaka wote uonekane. Nitapita tena Ijumaa."

"Atakuja."

"Hata mwaka jana uliniambia atakuja. Nikakusitiri."

Jioni Abelino alipiga simu.

"Unasemaje, we kobe?" Nicanor alicheka. "Bado unafyeka kama unamnyoa bwana harusi?"

"Nusu yako imeota. Wanataka iwe safi kabla ya Ijumaa, la sivyo mkataba basi."

"Nakuja Januari. Goti likipoa tu."

"Januari ipi?"

Nyuma ya Nicanor televisheni ilikuwa inapayuka.

"Usiiguse, Abelino. Nakuomba."

"Haya."

Jumanne alinoa panga. Jumatano akalinoa tena, ingawa lilikuwa kali. Alhamisi kulipokucha alivuka jiwe.

Nusu ya Nicanor ilikuwa na mteremko mbaya kuliko yake, jambo ambalo Nicanor hakuwahi kulitaja. Mizabibu mwitu ilikuwa imefunga njia. Tumbili walimpigia kelele kama mgeni. Saa sita alikula amesimama, haraka haraka, kwa sababu hakujua mahali mwenzake alipozoea kukaa. Alasiri akatokea barabarani, mbele ya nyumba ya Nicanor, iliyopigiliwa mbao madirishani.

"Hodi," alisema, kwa mazoea.

Akangoja kidogo, kama inavyostahili, kisha akaondoka.

Ijumaa Yamileth alitembea mkuza wote, toka mtoni hadi barabarani.

"Umenyooka kama uzi. Kumbe mwenzio alikuja?"

"Alikuja."

"Mbona hakungoja hata kahawa?"

"Ana goti. Aliwahi basi la mchana."

Yamileth alimtazama, akamtazama na mikono, iliyochanika hadi viwiko. Akatandaza karatasi juu ya meza na kumwonyesha mstari.

"Miaka kumi mingine, mzee."

Abelino alikuwa na miaka sabini na mmoja. Alitia saini polepole, herufi moja moja, ili mgeni asiondoke upesi.